Mtoto akikamatwa na kilevi shuleni Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazazi na walezi wenye watoto katika shule za umma za Marekani, hasa yule aliyepigiwa simu akiwa kazini aje kumchukua mtoto kwa sababu "amekutwa na kitu". Sheria za shirikisho ni moja nchi nzima. Zilizobaki hutofautiana jimbo kwa jimbo na wilaya kwa wilaya, kwa hiyo tafuta kitabu cha kanuni za wanafunzi kwenye tovuti ya wilaya yako ya shule, ukisome sambamba na haya.

Shule imepiga simu. Niulize nini kabla sijatoka nyumbani?

Uliza mambo matatu, na uyaandike pamoja na saa na jina la aliyekujibu. Kwanza, hali ya mtoto kiafya ikoje sasa hivi? Pili, polisi wamehusishwa? Tatu, anatuhumiwa nini hasa: kutumia, kukutwa na kitu, au kumpa mwenzake? Watu wengi hulipuuza hili la tatu, na ndilo linaloamua uzito wa kesi nzima.

Kwenye simu hiyohiyo omba mkalimani kama Kiingereza chako si cha kujadili kesi. Shule inayopokea fedha za shirikisho inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila kumtoza. Wajibu huo unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Taja kwamba unataka Kiswahili, na useme ni cha wapi, kwa sababu mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Lubumbashi na mzazi wa Tanga wanaweza kupishana kwenye maneno yaleyale yenye uzito. Usikubali mtoto atafsiri kesi yake mwenyewe, wala ndugu yake. Neno "alimpa" likitafsiriwa "alimuuzia", mmeshaingia kwenye kosa jingine kabisa.

Tathmini na adhabu si kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya ndiko kunakowaponza wazazi wengi. Nidhamu inauliza: kanuni ipi imevunjwa, ushahidi ni upi, adhabu ni ipi. Kwa kawaida anayeishika ni naibu mkuu wa shule, na karatasi zake huingia kwenye faili la mwanafunzi. Tathmini inauliza: anatumia nini, mara ngapi, tangu lini, ana shida gani nyingine, na anahitaji msaada wa namna gani. Hiyo ni kazi ya nesi, mshauri nasaha au mtaalamu wa uraibu.

Shida ni kwamba vyumba hivi viwili vimepakana, na kwenye shule ndogo mtu mmoja anaweza kuwa na kazi zote mbili. Mtoto anamweleza mshauri kwamba alivuta na wenzake watatu, na jioni naibu mkuu wa shule ana majina. Kwa hiyo kila mtu anapoanza kumhoji mtoto, swali lako la kwanza liwe: majibu haya yanaandikwa wapi, na nani atayasoma? Anayefanya tathmini ya kweli atakujibu bila kusita. Anayebabaika, mchukulie kuwa yuko upande wa nidhamu, hata kama kwenye mlango wake pameandikwa "ushauri".

Nesi wa shule anaangalia nini anaposema mtoto "anaonekana amelewa"?

Anapaswa kuanza na vipimo vya mwili: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto, idadi ya pumzi kwa dakika, ukubwa wa mboni na jinsi zinavyoitikia mwanga. Halafu anasikiliza usemi, anamtembeza, anamuuliza jina, siku na mahali alipo. Bangi huleta macho mekundu na moyo kwenda mbio. Vichangamshi hupanua mboni. Afyuni na jamii yake huzifanya mboni zikawa kama ncha ya sindano, na pumzi hupungua. Ikishuka chini ya 12 kwa dakika kwa kijana aliyelegea, hiyo ni dharura ya 911, na masuala ya nidhamu yasubiri.

Nesi makini huondoa kwanza sababu nyingine. Sukari ya damu ikiwa chini ya 70 mg/dL, mtoto hutetemeka, hutoa jasho, huropoka na kuyumba kama mlevi, na tone moja la damu kidoleni linatosha kuonyesha hilo. Vivyo hivyo aliyegonga kichwa mpirani, aliyetoka kupata kifafa, aliyekesha, au aliyekunywa dawa ya mafua yenye usingizi. Omba nakala ya fomu ya nesi siku hiyohiyo. Iliyojaa namba na saa ni ushahidi. Iliyoandikwa tu "alionekana amelewa" ni maoni, na kwenye kikao unaweza kulisema hilo.

Majimbo mengine hayamwachii nesi peke yake. Kanuni za New Jersey, kwa mfano, zinataka mwanafunzi anayeshukiwa kuwa amelewa wakati huo achunguzwe na daktari mara moja, na mzazi ajulishwe.

Wanaruhusiwa kumpekua bila hati ya mahakama?

Ndiyo, kwa mipaka. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya New Jersey dhidi ya T.L.O. mwaka 1985, msimamizi wa shule anahitaji "shaka yenye msingi" tu, ambayo ni ngazi ya chini kuliko ile inayotakiwa kwa polisi. Lakini upekuzi lazima ulingane na kinachotafutwa. Mwaka 2009, katika kesi ya Safford dhidi ya Redding, mahakama hiyohiyo ilisema shule ilikosea kumvua nguo msichana wa miaka 13 ikitafuta vidonge vya ibuprofeni. Mfuko, begi na koti ni jambo moja. Nguo za ndani ni jambo jingine.

Loka, yaani kabati la mwanafunzi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa mali ya shule. Kuhusu vifaa vya chooni vinavyonusa moshi wa vepu: kifaa hicho huonyesha kwamba kuna mvuke hewani, hakionyeshi ni wa nani, na hata manukato ya kupuliza yanaweza kukiamsha. Shule hulinganisha saa ya kengele na kamera ya korido. Kama watoto watano walikuwa chooni, uliza kwa nini wako ndiye aliyechaguliwa.

Polisi wa shule akimhoji?

Hapo sheria inabadilika. Naibu mkuu wa shule akiuliza peke yake hahitaji kumsomea mtoto haki ya kunyamaza. Polisi anayemhoji mtoto asiye huru kuondoka anahitaji, na tangu kesi ya J.D.B. dhidi ya North Carolina ya 2011 umri wa mtoto lazima uzingatiwe katika kuamua kama alijiona yuko huru. Mfundishe mwanao sentensi moja: "Naomba mzazi wangu na wakili kabla sijajibu." Aiseme kwa adabu, bila ubishi.

Walimpa dodoso lenye maswali machache. Linapima nini?

Mara nyingi ni CRAFFT, lililotengenezwa kwa vijana wa miaka 12 hadi 21. Sehemu ya kwanza inauliza ni siku ngapi katika miezi 12 iliyopita alikunywa pombe zaidi ya kuionja tu, alitumia bangi, au alitumia kitu kingine chochote cha kulewesha. Sehemu ya pili ina maswali sita: kupanda gari linaloendeshwa na aliyelewa (au yeye mwenyewe kuliendesha amelewa), kutumia ili atulie au akubalike, kutumia akiwa peke yake, kusahau aliyoyafanya, ndugu au rafiki kumwambia apunguze, na kuingia matatani kwa sababu ya kilevi. Kila "ndiyo" ni alama moja. Alama 2 au zaidi maana yake anahitaji kuangaliwa kwa undani. Haisemi kwamba ni mraibu, na kama kuna mtu anaisoma hivyo kwenye kikao cha nidhamu, msahihishe.

Asiyetumia chochote huulizwa lile la gari tu. Angalizo kwa akina baba: jibu la hapo linaweza kuwa linakuhusu wewe, si yeye.

Lingine ni S2BI, ambalo linauliza tu ametumia kila kilevi mara ngapi kwa mwaka: hajawahi, mara moja au mbili, kila mwezi, kila wiki au zaidi. Kila mwezi huashiria tatizo dogo au la kati. Kila wiki huashiria tatizo kubwa. Ni fupi mno, lakini linafanya kazi iliyokusudiwa, ambayo ni kuchuja.

Dodoso linalogawiwa darasa zima likiuliza habari za kuvunja sheria, una haki ya kuliona kabla na kumtoa mwanao. Massachusetts, ambako sheria ya 2016 inataka wanafunzi wa ngazi mbili za madarasa wachujwe kwa mazungumzo, mzazi au mtoto anaweza kukataa, na kumbukumbu zenye jina la mtoto hazitunzwi.

Na tathmini kamili?

Huchukua saa moja hadi moja na nusu, na hufanywa na mtaalamu mwenye leseni. Sehemu ni pamoja nawe, sehemu ni mtoto peke yake; usichukie ukiombwa utoke. Mtaalamu huangalia vigezo 11 vya DSM-5, mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili Marekani, katika miezi 12: kutumia zaidi ya alivyokusudia, kushindwa kuacha, hamu kali, kutelekeza masomo, kuzidi kuhitaji kiasi kikubwa, na kadhalika. Vigezo 2 au 3 ni tatizo dogo, 4 au 5 la kati, 6 na kuendelea kubwa. Chini ya 2 hakuna utambuzi wa ugonjwa, na huo ndio ukweli wa watoto wengi wanaokamatwa mara ya kwanza: walijaribu, au walifuata mkumbo.

Mapendekezo hupanda ngazi: elimu fupi, ushauri wa mara moja kwa wiki, programu ya saa 6 au zaidi kwa wiki kwa vijana, hadi bweni la matibabu. Mtoto aliyepata vigezo sifuri akipelekwa programu ya saa 9 kwa wiki, omba maelezo ya maandishi. Na kinyume chake: usishangilie "hana tatizo" kama mtaalamu hakuuliza kuhusu huzuni, wasiwasi, usingizi na mawazo ya kujidhuru. Mara nyingi kilevi ni moshi tu, moto uko kwingine.

Gharama: tathmini inayofanywa na shule yenyewe mara nyingi ni bure. Ya nje, Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inalipia uchunguzi na matibabu yanayohitajika kwa walio chini ya miaka 21.

Kipimo cha mkojo kinaaminika kiasi gani?

Inategemea kama unazungumzia kikombe au maabara. Kikombe cha papo hapo kinatoa jibu la awali tu: kwa bangi, mstari huonyesha chanya pale mabaki ya THC, kemikali ya bangi inayolevya, yanapofika 50 ng/mL. Maabara huthibitisha kwa mashine inayotambua molekuli yenyewe, kwa kawaida kwa kiwango cha 15 ng/mL. Adhabu isijengwe juu ya kikombe peke yake. Uthibitisho ukiombwa mapema, sampuli ileile hutumika, ukichelewa, imeshamwagwa.

Vitu vinavyodanganya kikombe vinajulikana. Dawa ya mafua yenye sudoefedrini inaweza kuonekana kama amfetamini. Dekstromethofani ya kikohozi inaweza kuonekana kama PCP, dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe. Mbegu za popi kwenye mikate huonyesha afyuni kwa sababu kweli zina chembe zake. Mtoto anayetumia Adderall, dawa ya umakini yenye amfetamini, kwa agizo la daktari atakuwa chanya kihalali, kwa hiyo peleka orodha ya dawa kabla ya kipimo, si baada ya jibu. Mafuta ya CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, yanayouzwa madukani huweza kuwa na THC ya kutosha kumchongea.

Kuna pia yasiyoonekana. Kipimo cha kawaida cha afyuni hakioni fentanili, afyuni ya maabara yenye nguvu mno. Lazima kiagizwe chake. Pombe hutoweka kwa saa chache, isipokuwa maabara itafute EtG, mabaki ya pombe kwenye mkojo, ambayo hubaki hadi siku tatu hivi. Kokeini huonekana siku 2 hadi 3. Bangi ndiyo yenye matata: aliyevuta mara moja huisha ndani ya siku 3 hivi, anayevuta kila siku anaweza kubaki chanya siku 30 na zaidi. Kwa maneno mengine, kipimo chanya cha bangi hakithibitishi kwamba alikuwa amelewa shuleni siku ile.

Uhalali wa sampuli nao una namba zake. Joto lisomwe ndani ya dakika 4 na liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Kreatinini (taka ya mwili inayotoka na mkojo) chini ya 20 mg/dL pamoja na uzito mahususi (uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji) chini ya 1.003 maana yake mkojo umepungua nguvu, na sababu ya kawaida ni mtoto kunywa maji mengi kwa hofu. Sampuli hiyo si "chanya". Inarudiwa, ikiwezekana ile ya asubuhi. Mwisho, angalia fomu ya kufuatilia sampuli: kila mkono uliyoigusa una saini na saa. Pengo la saa mbili lisilo na jina ni hoja halali.

Tunaweza kukataa kipimo?

Kipimo cha kushtukiza kwa wanafunzi wote, bila kumshuku yeyote mahususi, hakijawahi kubarikiwa na Mahakama Kuu. Kilichobarikiwa ni kwa wanamichezo, kesi ya Vernonia ya 1995, na kwa washiriki wa mashindano yote ya nje ya masomo, kesi ya Earls ya 2002. Huko adhabu ilikuwa kuondolewa kwenye timu, na majibu hayakupelekwa polisi. Kama kuna shaka mahususi juu ya mwanao, wilaya nyingi huhesabu kukataa kuwa sawa na jibu chanya. Soma kanuni kabla ya kugoma. Ukiona vema, kubali kwa sharti la kuthibitishwa maabara.

Adhabu ya kawaida ni ipi?

Hakuna sheria ya shirikisho inayolazimisha kumfukuza mtoto kwa sababu ya kilevi. (Iliyopo, ya 1994, ni ya bunduki.) Wilaya huwa na jedwali lake. Kosa la kwanza la kutumia au kukutwa nacho huzaa siku kadhaa za kusimamishwa hadi 10, na nyingi hupunguza siku hizo mtoto akikubali tathmini na masomo ya kuacha. Kosa la pili huongeza siku na kikao. Baadhi ya majimbo, kama Texas, hutumia shule mbadala za nidhamu.

Kugawa ndiko kunakofukuzisha. Na kugawa si lazima kuwe kuuza: kumpitishia mwenzako vepu avute mara moja, bure, chooni, katika kanuni nyingi ni kugawa. Vijana hawalijui hili. Wanaandika kwa mkono wao "nilimpa rafiki yangu avute kidogo" wakidhani wanaonyesha uungwana, kumbe wanajipalia makaa. Zaidi ya shule, sheria ya shirikisho huongeza adhabu maradufu kwa anayesambaza dawa ndani ya futi 1,000, yaani mita 305 hivi, kutoka shuleni.

Kabla ya kumsimamisha, lazima wamsikilize?

Ndiyo. Kesi ya Goss dhidi ya Lopez ya 1975 inataka, hata kwa siku 10 au pungufu, mtoto aambiwe tuhuma, aelezwe ushahidi akikana, na apewe nafasi ya kusema upande wake. Inaweza kuchukua dakika tano mbele ya meza ya naibu mkuu wa shule, na inahesabika. Akionekana kuwa hatari, anaweza kutolewa kwanza na kusikilizwa baadaye, ila bila kucheleweshwa.

Zaidi ya siku 10, au kufukuzwa, hudai utaratibu mzito zaidi: barua yenye tuhuma na tarehe, kikao, nafasi ya kujibu ushahidi, na mara nyingi wakili kwa gharama yako. Siku za kukata rufaa huwa chache na huhesabiwa kuanzia tarehe ya barua, kwa hiyo barua isikae mezani bila kufunguliwa.

Wananipa karatasi nisaini papo hapo. Nisaini?

Soma kichwa chake kwanza. Ya kupokea taarifa haina madhara. Andika kando ya saini kwamba umepokea tu, hujakubali tuhuma. Ya kuachilia haki ya kikao huletwa kwa maneno matamu, "tumalize mapema", na ukishasaini umejifunga. Ombi la kwenda nayo nyumbani siku moja si ukorofi.

Ya tatu ni ruhusa ya kutoa taarifa za matibabu, na hii isiachwe wazi. Jaza jina la mtu mmoja anayepokea, tarehe ya kuisha, na mambo matatu tu: kwamba alihudhuria, alipendekezewa nini, na kama amemaliza. Futa mstari unaosema "kumbukumbu zote". Shule inahitaji kujua kwamba amemaliza programu. Haihitaji kujua alichosema kuhusu ndoa yenu.

Bangi ni halali jimboni kwetu. Na miraa je?

Uhalali wa bangi ya starehe ni kwa waliotimiza miaka 21, na si kwenye viwanja vya shule. Tumbaku na nikotini nazo ni miaka 21 nchi nzima tangu Desemba 2019, na kuberi ni tumbaku.

Miraa huwashangaza wengi. Kemikali yake ya kathinoni, iliyo nyingi kwenye majani mabichi, iko katika Jedwali la Kwanza la dawa zilizopigwa marufuku kishirikisho, pamoja na heroini. Fungu la miraa alilosahau mjomba kwenye begi la mtoto baada ya harusi ni kesi ya dawa za kulevya, na kusema "kwetu ni kama kahawa" hakutasaidia.

Mwanangu ana mpango wa IEP, yaani wa elimu maalumu kwa mwenye ulemavu. Kuna kinga?

Kwa kiasi. Akiondolewa zaidi ya siku 10 za shule, ndani ya siku 10 za shule tangu uamuzi lazima kikao kiamue kama kosa lilitokana na ulemavu wake. Lakini akikutwa na dawa haramu, akizitumia au kuziuza shuleni, shule inaweza kumhamishia mahali pengine pa kusomea hadi siku 45 za shule, hata kama ulemavu ndio chanzo. Huduma za elimu yake maalumu zinaendelea huko. Pombe na nikotini hazimo kwenye kifungu hicho cha siku 45, na shule hukosea hapo mara kwa mara. Mwenye mpango wa 504 pekee, yaani wa kurekebishiwa mazingira kwa sababu ya ulemavu bila elimu maalumu, ana ulinzi mdogo zaidi: akiwa mtumiaji wa sasa, anaadhibiwa kama wengine.

Nani ataona kumbukumbu zake?

Faili la nidhamu, na kwa kawaida hata maandishi ya nesi wa shule ya umma, yako chini ya FERPA, sheria ya shirikisho ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi. Una haki ya kuyasoma ndani ya siku 45 tangu uombe, na kuomba yarekebishwe yakiwa na makosa. Kumbukumbu za programu ya matibabu ya uraibu ya nje zina ulinzi mkali zaidi. Katika majimbo yanayomruhusu kijana kukubali matibabu hayo peke yake, huenda hata wewe mzazi usizione bila saini yake. Inauma, lakini ndiyo inayowafanya waongee.

Kuhusu chuo: swali la makosa ya dawa za kulevya halimo tena kwenye fomu ya FAFSA ya msaada wa masomo.

Mtoto si raia. Kuna hatari ya uhamiaji?

Ipo. Uamuzi wa mahakama ya watoto kwa kawaida hauhesabiwi kuwa hukumu ya jinai kwenye uhamiaji. Hata hivyo sheria hiyo inaweza kumfungia mtu mlango bila hukumu: kwa kukiri mwenyewe kosa la dawa za kulevya, au serikali ikiwa na sababu ya kuamini alishiriki biashara yake. Kwa hiyo maelezo yenye neno "kugawa" ni mazito maradufu kwake. Aonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuandika lolote.

Kumfukuza kunamponya?

Hakuna dalili kwamba kunaponya. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipitia sera za kutovumilia kabisa mwaka 2008 na hakikuona kwamba zimeboresha usalama au tabia. Siku 10 nyumbani peke yake, wazazi wote kazini, ni siku 10 za kuvuta. Ukiwa na nafasi ya kujadiliana, omba siku zibadilishwe kuwa tathmini, masomo ya Jumamosi na kukutana na mshauri. Naibu mkuu wa shule wengi hukubali pendekezo lililoandikwa likiwa na tarehe na jina la kituo. Ombi la huruma tupu hawana pa kuliweka.

Kuna fentanili kwenye vidonge bandia. Nyumbani niwe na nini?

Naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na afyuni, 4 mg, inayouzwa bila agizo la daktari tangu 2023. Mtu haamki, pumzi hafifu, midomo imebadilika rangi: piga 911, puliza pua moja, mpulizie pumzi kama unajua, na baada ya dakika 2 hadi 3 puliza ya pili asipoitikia. Abaki chini ya uangalizi hata akizinduka, maana naloksoni huisha ndani ya dakika 30 hadi 90 na sumu inaweza kubaki. Haimdhuru asiyetumia afyuni.

Amerudi shuleni, ameacha, lakini kipimo cha pili bado ni chanya. Anadanganya?

Si lazima. Kwa aliyekuwa akivuta kila siku, THC hutoka kwenye mafuta ya mwili taratibu. Kikombe hakiwezi kutofautisha mabaki na matumizi mapya, kwa sababu kinasema ndiyo au hapana tu. Omba namba za maabara pamoja na kreatinini, kisha ugawe namba ya THC kwa ile ya kreatinini. Mfano: kipimo cha kwanza 120 ng/mL na kreatinini 60 mg/dL, uwiano ni 2. Wiki mbili baadaye ni 90 ng/mL na kreatinini 150, uwiano ni 0.6. Umeshuka, na hilo linaendana na kijana aliyeacha. Ukipanda waziwazi kutoka kipimo kimoja hadi kingine, uwezekano mkubwa amevuta tena. Mpango wa kurudi shuleni unaosainiwa siku ya kwanza uandike kwamba majibu yatasomwa kwa uwiano huo, nani atayasoma, na kwamba mkojo uliopungua nguvu utarudiwa ndani ya siku moja kabla ya mtu yeyote kugusa jedwali la adhabu.